Dakika Nne za Bwana Bado

Watu wa mtaa ule ukiwauliza stesheni yao ilikufaje, watakwambia iliuawa na wakubwa wa Shirika la reli. Watatikisa vichwa, watashusha pumzi, watasema mnyonge hana mtetezi. Usiwasikilize. Waongo wale, na wanajua kwamba ni waongo, ndiyo maana wakifika pale penye habari ya mkutano wanaanza kukohoa na kuulizana bei ya mkaa.

Stesheni yenyewe kwanza haikujengwa kwa ajili yao. Ilijengwa kwa ajili ya mawe. Nyuma ya kilima kulikuwa na machimbo, na reli ikachepushwa hapo ili mabehewa ya wazi yapakiwe kokoto za kujengea mji. Jukwaa lilinyanyuliwa juu kwa sababu ya mikokoteni, hakuna aliyefikiria miguu ya binadamu, na ndiyo maana bibi yeyote mwenye magoti mabovu alikuwa akizipanda zile ngazi huku akimlaani fundi aliyezijenga. Mawe yalipokwisha, shimo likajaa maji, wapimaji wakaja na kamba zao wakagawa viwanja. Shirika likafunga behewa moja la abiria nyuma ya mabehewa ya mizigo, halafu mawili, hatimaye ikaja treni ya wafanyakazi yenye mabehewa manane, asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi.

Enzi zake ilikuwa stesheni kweli kweli. Madirisha mawili ya tiketi, chumba cha mizigo, chumba cha kungojea cha wanawake chenye beseni la kunawia, kioski cha chai na magazeti, na saa kubwa yenye nyuso mbili iliyoning'inia katikati ya jukwaa. Treni sita kwa siku. Kisha vikaanza kutoweka kimoja kimoja. Chumba cha mizigo kilifungwa, watu wakasema watalalamika. Chumba cha wanawake kikageuzwa stoo ya saruji, wakasema sasa imezidi, safari hii lazima walalamike. Saa ilishushwa ikatengenezwe, na huko ilikokwenda inatengenezwa mpaka kesho. Treni sita zikawa nne, nne zikawa tatu. Hakuna aliyeandika hata barua moja, kwa sababu kila mtu alidhani jirani yake ameshaandika.

Aliyebaki ni stesheni masta, na masta wenyewe wa nani? Chini yake alikuwa na mfagiaji mmoja basi. Jina lake la kuzaliwa lilikaa kwenye mafaili ya Shirika. Mtaani aliitwa Bado, kutokana na neno lake. Treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi ilipaswa kusimama pale dakika moja tu. Dakika ikiisha, dereva hutoa kichwa dirishani na kutazama nyuma kama bendera ya kijani imepanda. Na kila asubuhi ya Mungu humwona yule bwana amesimama, bendera ameikunja kwapani, anatazama upande wa mtaani, na kumpungia mkono mwingine.

"Bado," humwambia. "Bado kidogo."

Anamngoja nesi. Nesi yule alikuwa mtu mwema, wagonjwa walimpenda, lakini kuamka alikuwa hakujui. Akishaonekana nesi anakuja mbio huku anafunga vifungo, Bado anamngoja Mama Mapacha, ambaye kila siku kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kimepotea. Mapacha wale walikua, wakamaliza shule, wakahama nyumbani, na mama yao akaendelea kuchelewa vile vile, sasa kwa sababu zake mwenyewe. Wa mwisho huwa fundi cherehani, anapanda zile ngazi taratibu na pini zake bado ziko kwenye kola, akisema haraka haraka haina baraka. Dereva naye humjibu kwa juu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Abiria wa mtaa wanacheka, bendera inapanda, treni inaondoka na dakika nne ambazo si zake.

Usidhani alizaliwa na moyo laini. Mwaka wake wa kwanza kazini aliifuata saa kama mtumwa. Asubuhi moja kijana mmoja alikuja anakimbia kwenye kile kijia cha kando ya reli, amevaa koti la kuazima lililompwaya mabega, bahasha mkononi, mkono mwingine juu. Bado alimwona. Akaitazama saa, akapandisha bendera. Kijana alifika jukwaani wakati behewa la mwisho linatoka. Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi, na treni nyingine ilikuwa ya saa nne. Hakutukana wala hakulia. Alikaa kwenye benchi. Kesho yake akaja tena akakaa, na kesho kutwa, miezi mitatu mfululizo, anamtazama Bado anavyofanya kazi. Halafu siku moja hakuja, wakasema amekwenda kwa ndugu zake mbali. Tangu hapo Bado akiona mtu anakimbia, mkono wake wa bendera unakuwa mzito, hauinuki.

Sasa, Shirika lilikuwa na daftari. Kila dakika iliyozidi ilitakiwa kuandikwa, na sababu yake. Mastesheni masta wa njia ile walikuwa na sababu moja waliyokubaliana bila kuketi kikao: ng'ombe relini. Kwa kuyasoma madaftari yale ungedhani reli nzima imepitishwa katikati ya zizi. Bado peke yake hakuweza. Baba yake alikuwa mpakiaji kwenye machimbo, hakujua kusoma, na alimlea akimwambia kwamba kitu kilichoandikwa ni kiapo. Basi yeye akawa anaandika kweli tupu. Dakika mbili, nesi. Dakika moja na nusu, Mama Mapacha, kiatu. Dakika tatu, fundi, alisahau suruali ya mteja akarudi kuichukua. Madaftari kumi na manane aliyajaza hivyo, kwa mwandiko mzuri, tena kwa fahari. Aliamini mkubwa yeyote atakayeyafungua ataona kwamba stesheni hii ina watu na watu hao wana mtu.

Mkewe alimwonya. Mkewe alikuwa na ulimi, na alikuwa na haki ya kuwa nao, maana tangu yule kijana wa bahasha, katika dunia nzima abiria pekee ambaye Bado hakumsubiri alikuwa yeye. Siku aliyokuwa anakwenda kumwona dada yake mgonjwa alichelewa nusu dakika, na mume wake akapandisha bendera mbele ya macho yake, eti kumsubiri mke wa nyumbani ni upendeleo. Alisafiri na treni ya saa nne na dada alimkuta bado mzima, lakini jambo lenyewe hakulimeza. Kila akimwona mumewe amejaa furaha ya asubuhi alimwambia jambo moja, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba wale aliokuwa akiwadekeza hawakuwa hata watoto, walikuwa watu wazima wenye ndevu.

Barua ikaja. Shirika lilikuwa linapanga ratiba mpya, kwa kuwa treni ya asubuhi ilikuwa inaingia mjini imechelewa dakika kumi na moja kila siku. Stesheni tatu zingerukwa. Stesheni itakayorukwa ingebaki na treni ya saa nne na ya saa tisa tu, ambazo mfanyakazi hana faida nazo, na isingekuwa na stesheni masta tena. Nyumba ya kazini ingerudishwa kwa Shirika. Bado alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na amebakiza mitatu kustaafu, na katika nyumba ile ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya saruji ndimo walimozaliwa wanawe wote. Lakini ukweli ni kwamba alipoisoma barua hakufikiria nyumba kwanza. Alifikiria ile treni inapita mbele yake bila kusimama.

Ofisa wa ratiba alikuja mwenyewe kuona. Alikuwa msichana wa umri wa binti yake wa mwisho, ana adabu, ana mkoba uliojaa karatasi. Alitembea jukwaa zima, akachungulia kwenye stoo, akauliza saa iko wapi. Bado alimweleza kila kitu, historia na mawe na chumba cha wanawake, na yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Baba, karatasi zangu zinaona dakika, haziwezi kuona watu. Niletee watu."

Akamweleza utaratibu. Alhamisi ya wiki ya tatu, makao makuu mjini, kila stesheni ingepewa robo saa kujieleza. Ya kwake ilikuwa ya kwanza, saa mbili kamili. Wakija abiria thelathini wakasema kwa vinywa vyao kwamba wanaihitaji treni ile, yeye mwenyewe angeiombea. Wasipokuja, asingekuwa na la kusema.

Thelathini! Bado alikaribia kucheka. Wiki mbili nzima jioni alizunguka geti kwa geti. Fundi cherehani alimwambia hilo halina haja hata ya kuuliza, na akamkazia pindo la suruali lililokuwa linataka kufumuka, bure. Mama Mapacha alilia, akasema bila Bado wanawe wasingesoma. Nesi alibadilishana zamu na mwenzake. Mpaka Jumatano alikuwa na ahadi arobaini na saba, na aliwataja wote kwa mkewe wakati wa chakula, mmoja mmoja. Mkewe aliendelea kuosha vyombo. Akasema kuahidi hakuchoshi mguu.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Wangepanda wote treni ile ile, wangeshuka pamoja mwisho wa reli, wangetembea pamoja dakika kumi mpaka makao makuu. Alhamisi asubuhi alimkabidhi mfagiaji bendera, akavaa shati jeupe, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akapanda kama abiria. Mfagiaji alikuwa amefundishwa vizuri: alimngoja nesi, akamngoja Mama Mapacha, akamngoja fundi. Ndani ya behewa walikuwa na shangwe kama watu wanaokwenda harusini. Walimpisha Bado dirishani.

Treni iliingia mjini saa moja na dakika nne. Balaa lilianzia hapo, kwamba walikuwa wamebakiwa na muda. Saa nzima kasoro dakika nne! Nesi alisema basi acha akimbie wodini mara moja akatie sahihi ya kubadilishana zamu ili asiandikwe mtoro. Fundi alikuwa na suruali ya mteja mkononi, na duka halikuwa mbali. Mama Mapacha alitaka chai kwanza, hawezi kusema mbele za watu na tumbo tupu. Wengine wakasema na wao kuna kitu kidogo tu. Bado aliwasihi. Aliwaambia twendeni tukakae pale pale, tutangojea huko. Wakamwona ana wasiwasi wa bure.

"Usianze bila sisi tu," fundi alimwambia, akampiga begani, na wote wakacheka wakatawanyika.

Alifika makao makuu peke yake. Ndani kulikuwa na ukumbi wenye mabenchi, meza mbele, na saa ya ukutani. Na mabenchi yalikuwa yamejaa. Moyo wake ulimruka, akadhani ni watu wake wamekata njia wakamtangulia. Walikuwa watu wa Nukta.

Huyo Nukta alikuwa stesheni masta wa stesheni ya jirani, ile ya mbali zaidi na mji ambako treni ya asubuhi hupita kwanza, na kama Bado alikuwa mama, Nukta alikuwa baba wa kambo. Sekunde ikifika bendera inapanda, ikiwa umeshika mlango utajua mwenyewe. Inasemekana aliwahi kumwacha mkwewe jukwaani na kuku wake wawili. Abiria wake walikuwa wakimwapiza kila siku. Na abiria wake wale wale, sitini na wawili, walikuwa wameshakaa pale tangu saa moja na robo, akina mama na watoto migongoni, wamenyooka kwenye mistari, hakuna anayenong'ona.

Saa mbili kamili ofisa wa ratiba aliita stesheni ya Bado. Walikuwa mezani watatu, yeye na wazee wawili wa Shirika. Bado akasimama. Akasema watu wake wako njiani.

"Tuwasubiri kidogo," alisema.

Yule binti aliitazama saa. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alisema atampa dakika tano za kwanza za robo saa yake azitumie kusubiri kama anataka. Bado akaenda mlangoni akachungulia nje, akarudi, akaenda tena. Alimwomba Nukta wabadilishane zamu. Nukta alimjibu kwa heshima kabisa kwamba angependa kumsaidia, lakini zamu yake imeandikwa saa mbili na robo, na yeye hajawahi kuanza jambo kabla ya saa wala baada yake. Dakika tano zikaisha.

Ofisa akafungua mkoba, akatoa madaftari. Bado alipoyaona alifarijika kidogo, akadhani hapo ndipo mambo yatakaponyooka. Binti akaanza kusoma. Dakika mbili, nesi. Dakika moja na nusu, kiatu. Dakika tatu, suruali ya mteja. Kwenye mabenchi watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha wazi wazi, na mzee mmoja wa Shirika akavua miwani akafuta macho. Ofisa hakucheka. Alifunua kurasa nyingi kwa pamoja, akasoma za mwaka mwingine, zikawa zile zile.

"Baba," alisema, "stesheni yako ndiyo inayoongoza. Wenzako wote wana ng'ombe, na ng'ombe mimi siwezi kumwandikia barua. Wewe umeniandikia majina. Hebu nisaidie jambo moja. Kila asubuhi watu mia sita walioamka mapema walikuwa wamekaa ndani ya treni wanamngoja mtu mmoja avae kiatu. Hao mia sita ulikuwa unawaonaje?"

 Bado alitaka kusema kuhusu kijana wa bahasha, kuhusu benchi, kuhusu miezi mitatu. Lakini swali lenyewe lilikuwa jipya kwake. Miaka yote ile alikuwa anatazama upande wa mtaani. Treni ilikuwa mgongoni mwake.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama kwenye benchi la tatu, katika watu wa Nukta. Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. Alisema yeye alikuwa mpishi kwenye shule moja ya mjini. Alionywa mara mbili kwa kuchelewa, mara ya tatu akafukuzwa. Kwa dakika nne.

"Nilikuwa nakaa dirishani upande wa jukwaa," alimwambia Bado. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nakuona. Umeikunja bendera, unatabasamu. Nilikuwa nasema moyoni, huyu baba angegeuka tu anitazame."

Bado alimwomba radhi.  Yule mama akaitikia kwa kichwa akakaa, na mwanawe akaanza kulia, akamtoa nje. Robo saa ikaisha. Ofisa aliuliza kwa mara ya mwisho kama kuna abiria yeyote wa stesheni ile ukumbini, akasubiri, akaandika mstari mmoja, akapiga muhuri. Akaita stesheni ya Nukta, na watu sitini na mmoja wakasimama kwa pamoja.

Fundi cherehani alifika saa mbili na dakika ishirini na mbili, anapanda ngazi za makao makuu taratibu. Nesi alifika na nusu, anakimbia. Kufika saa tatu walikuwa wameshatimia thelathini na tisa kwenye korido. Thelathini na tisa! Wangekuwa wametosha na kubaki. Walimkuta Bado amekaa kwenye kiti cha askari wa mlangoni, na walipomwuliza zamu yao ni saa ngapi, akawaambia ilikuwa saa mbili, kama alivyowaambia kwa wiki mbili.

Kwanza hawakuelewa. Halafu walielewa, na badala ya aibu ikawajia hasira, kwa kuwa hasira ni nyepesi kubeba. Nesi aliuliza kwa nini hakuwaomba wale wakubwa wasubiri. Bado alisema aliwaomba. Aliwaombaje? Alisimama imara au alibembeleza tu? Fundi alisema alishamwambia wasianze. Mmoja nyuma akasema labda mzee ameshanunuliwa, na hakuna aliyemkemea.

Mama Mapacha ndiye aliyelimaliza. "Miaka yote hiyo unaizuia treni nzima yenye mabehewa manane," alisema, "leo umeshindwa kumzuia msichana mmoja mwenye kalamu."

Bado alisimama akamrudishia askari kiti chake.  Alikuwa na mengi ya kuwajibu, na mengine yalikuwa matusi, lakini aliona hata hayo wangeyafikia yameshapoa. Alirudi na treni ya mchana, peke yake. Mkewe alipomwona anaingia alisoma uso wake, akamwekea maji ya kuoga. 

Ratiba mpya ilianza mwezi uliofuata. Siku ya mwisho ya kazi yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa treni kupita, na kwa kanuni, treni isiyosimama nayo lazima ioneshwe bendera ya kijani, ili dereva ajue njia ni salama. Bado aliipandisha kabla haijatokea kwenye kona. Ilipita kwa kishindo ikavurumisha vumbi la saruji kutoka mlangoni kwa stoo. Dereva alipiga honi ndefu ya kumuaga. Jukwaani palikuwa na watu kama kumi waliokuja kuona kama ni kweli, na walitazama mpaka behewa la mwisho lilipopita, wakasema safari hii lazima walalamike.

Nyumba ilirudishwa kwa Shirika. Mafao ya kupunguzwa kazini yalitosha chumba na sebule ya kupanga, kando ya njia inayotoka mtaani kwenda barabara kuu, kule yanakosimama mabasi. Walihamia Jumapili. Jumatatu Bado aliamka alfajiri kwa mazoea, akavaa shati, ndipo akakumbuka hana pa kwenda. Akatoa kigoda akakaa mlangoni.

Basi la wafanyakazi lilikuwa linatoka saa kumi na moja na nusu. Likifika saa linaondoka, na kondakta wake alikuwa kijana asiyejua nesi ni nani wala mama wa nani. Saa kumi na moja na robo Bado alimwona fundi cherehani anakuja. Ameoga, amechana nywele, kola haina pini hata moja. Alipita upande wa pili wa njia akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Nyuma yake akaja Mama Mapacha, viatu vyote miguuni, anatembea kwa hatua za mtu aliyeamka zamani na kunywa chai yake kwa raha. Wakafuata wengine, wawili wawili, wale wote arobaini na saba aliowahesabu kwa mkewe. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Kumbe walikuwa wanajua kuwahi. Miaka yote walikuwa wanajua, na walichokosa ilikuwa ni sababu tu. Hasira ilimpanda Bado, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu alikumbuka uso wa yule mpishi.

Nesi alikuja wa mwisho, na hata yeye alikuwa na dakika tano mkononi. Alipomwona Bado alipunguza mwendo, maana moyo wake ulikuwa mwema, hilo halikubadilika.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Simama kidogo nikuulize, mama yako mguu unaendeleaje?"

"Siwezi kusimama, mzee," nesi alisema, tayari ameshampita. "Nitachelewa."

Miaka kumi na saba alimsubiri mwanamke yule, na siku zote hizo neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Alimtazama mpaka alipopanda basi. Mkewe akauliza kutoka ndani anaongea na nani. Bado akamwambia ni mpita njia.